Shamba la Anathothi: Barua kwa Mwanangu

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku niliusoma mara mbili, nikaona haujibiki kwa kubonyeza simu. Nimeandika, na mdogo wako atavuka na barua hii Jumamosi akuletee hapo Tabata. Umesema mkataba wa kazi umeisha na hawajauhuisha, kodi ya nyumba ya miezi sita inadaiwa mwezi wa nane, habari za dunia zinatisha, na kila unayekutana naye kanisani anakwambia, "Usijali dada, Mungu yupo, yote yatakuwa sawa." Kisha ukauliza: "Baba, wao wanajuaje? Na kama hawajui, tumaini la Mkristo lina tofauti gani na kujipa moyo tu?" Chini kabisa ukachomeka swali jingine kama vile ni dogo: uendelee kulipia kile kiwanja cha Chanika au uachane nacho? Hilo nitalijibu mwisho, ingawa haliko mbali na la kwanza kama unavyodhani.

Kwanza nakubaliana nawe. Hawajui. Hakuna mstari wa Biblia unaosema mkataba wako utahuishwa. Anayekwambia yatakuwa sawa anakutakia heri, mwitikie amina umshukuru, ila usiegemeze mwili mzima kwenye salamu. Yeremia naye alifanya hivyohivyo. Katika sura ya 28 ya kitabu chake, nabii mwenzake Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Yeremia aliitikia amina, akasema Bwana na afanye hivyo. Hakumzomea, maana hata yeye alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, na Hanania alikufa mwaka uleule.

Sura inayofuata, ambayo ni barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli, ndiyo yenye ule mstari wa 11 unaobandikwa kwenye kalenda na vioo vya daladala, wa mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho. Wanaoubandika huuacha mstari wa 10, ulio juu yake tu, unaotaja miaka 70. Mtu wa umri wako aliyesomewa barua ile kule Babeli alijua kwamba kurudi nyumbani ni habari ya wajukuu. Ndiyo maana mistari ya 5 na 6 inaagiza mambo ya kila siku kabisa: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozeni watoto wenu. Wa 7 unawaambia wautakie amani mji walikopelekwa na kuuombea, kwa kuwa amani yao imo katika amani ya mji huo. Sisi ambao jina la mji wetu limebeba neno salama tungepaswa kuusoma mstari huo kila Jumatatu kabla ya kuingia kwenye foleni.

Sasa shika Biblia ufungue sura ya 32, uisome polepole kama mtu anayesoma mkataba, kwa sababu ni mkataba. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, limeizunguka Yerusalemu, maboma yao yameufikia mji, na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kusema mji utaanguka. Anakuja binamu yake Hanameli: ninunulie shamba langu lililoko Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako. Anathothi iko kama kilomita 5 tu kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, yaani upande wa nje, waliko askari wa Babeli. Mnunuzi yuko mahabusu na bidhaa iko mikononi mwa adui. Dalali gani wa mjini angelisogelea shamba hilo?

Angalia Yeremia alivyolinunua. Alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17, kama gramu 200 hivi. Akaandika hati, akaweka mashahidi. Nakala zilikuwa mbili: moja imetiwa muhuri, nyingine wazi, mtu aweze kuisoma bila kuvunja muhuri. Zote akamkabidhi karani wake Baruku mbele ya watu waliokaa uwandani, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Ukiondoa chombo cha udongo, ni yaleyale ya ofisi ya serikali ya mtaa: muuzaji, mnunuzi, mashahidi wa kila upande, muhuri wa mwenyekiti, kila mtu na nakala yake. Tumaini la Yeremia lilikuwa na risiti.

Usipite haraka hapa. Mashaka yalimtoka mdomoni baada ya kulipa. Mstari wa 16 unasema wazi kwamba aliomba akiisha kumpa Baruku hati. Sala yenyewe inaanza kwa sifa ndefu, inaishia kwa mshangao wa mtu aliyetoka kuhesabu fedha yake: Bwana, hayo maboma unayaona, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo hawa wa Babeli, nawe unaniambia ninunue shamba na kuweka mashahidi! Hakungoja hofu iishe ndipo afanye lililompasa. Alifanya, kisha hofu akaipeleka kwa yule aliyemwagiza. Kwa hiyo ukishtuka saa nane za usiku moyo unakwenda mbio, usijihukumu kwamba imani imekutoka.

Mji ulianguka mwaka uliofuata. Yeremia alichukuliwa na watu wake mwenyewe hadi Misri bila kupenda, na Maandiko hayasemi popote kwamba alilima shamba lile hata jembe moja. Hapo ndipo naiona tofauti uliyoniuliza. Anayejipa moyo anataka aambulie kitu yeye, tena mapema. Kwa hesabu hiyo shamba la Anathothi halinunuliki. Mchungaji wa Kijerumani Dietrich Bonhoeffer, aliyekamatwa na utawala wa Hitler mwezi Aprili 1943, aliukumbuka ununuzi huu alipomwandikia mchumba wake Agosti mwaka huo akiwa gereza la Tegel, Berlin. Kwake, kufunga uchumba katikati ya vita kulikuwa ni kununua shamba namna hiyo, kuonyesha kwamba Mungu bado ana kazi na dunia hii. Alinyongwa Aprili 9, 1945, vita ikiwa imebakiza mwezi mmoja kwisha Ulaya. Hawakuwahi kuoana.

Tumaini hilo limesimama juu ya nini, basi? Mtu anayejipa moyo hutazama mbele na kubahatisha. Mkristo hutazama kwanza nyuma, kwenye jambo lililokwisha kutendeka, Yesu kufufuka katika wafu, ndipo anageuka kutazama mbele. Paulo alipowaandikia Wakorintho, miaka 25 hivi baada ya msalaba, aliwawekea orodha ya mashahidi katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja ambao wengi wao wangali hai, Yakobo, mitume wote, mwisho yeye mwenyewe. Kuwataja walio hai ni kuwaambia wasomaji, nendeni mkawaulize. Wala hakuficha hatari yake: kama Kristo hakufufuka, imani ni bure na sisi ndio wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Mimi nikisoma hapo huzikumbuka nakala mbili za Yeremia. Iliyo wazi tumekwisha kuisoma, ni kaburi tupu. Yenye muhuri ni siku Mungu atakapofanya vyote kuwa vipya, na hiyo bado iko chomboni. Halafu tazama sura ya 16 inavyoanza. Paulo ametoka kupiga parapanda ya mwisho, mara anaingia kwenye mchango: kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Wazee wa kanisa wangeipenda sana sura hiyo kama wangeisoma pamoja na ile ya 15.

Waebrania 6:19 huliita tumaini hili nanga ya roho. Wewe umekulia Kigamboni, nanga huwezi kuambiwa. Unajua kwamba haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika meno yakizama mchangani, na meno huzama kamba ikivuta kwa ulalo. Ndiyo maana kamba huachiwa mara 5 hadi 7 ya kina cha maji. Ikiwa fupi, kila wimbi linaivuta nanga kwenda juu, meno yanang'oka, chombo kinaanza kuburuta. Piga hesabu ya huku kwetu: maji yamekupwa, kina ni mita 2, umetia nanga kwa kamba ya mita 10, yaani mara 5, umelala salama. Bamvua likijaa, maji yanapanda kama mita 3. Kina sasa ni mita 5, na kamba yako imebaki mara 2 tu. Nanga ni ileile na mchanga ni uleule, lakini asubuhi unajikuta pengine kabisa.

Nadhani hicho ndicho kilichokupata. Ibada ya Jumapili na sala ya dakika mbili kabla ya kulala ilikuwa kamba ya kutosha ulipokuwa na mshahara. Sasa maji yamejaa. Kutafuta nanga nyingine hakutasaidia, ongeza kamba.

Anzia asubuhi. Kabla hujafungua simu, soma zaburi moja kwa sauti. Ziko 150, moja kwa siku ni miezi mitano. Usiziruke zile chungu, na ni nyingi kuliko zinavyosikika kanisani. Ile ya 88 inaishia gizani bila hata neno moja la faraja, na bado imo ndani ya Biblia, haikuondolewa. Ukitaka kujifunza kulalamika mbele za Mungu bila kumkimbia, chukua ya 13. Ina aya 6 tu. Mbili za kwanza ni malalamiko, "hata lini" mara 4. Mbili za katikati ni ombi, tena lenye sababu zake. Mbili za mwisho mwombaji anasema amezitumainia fadhili za Mungu, na hakuna palipoandikwa kwamba shida yake ilikuwa imeondoka.

Chukua daftari uandike ya kwako kwa mpangilio huohuo. Malalamiko yaandike yalivyo: hata lini nitume maombi ya kazi nisijibiwe hata kwa kukataliwa? Ombi liwe na jina na kiasi: Bwana, kodi ni shilingi 900,000, mkononi nina 350,000, na sitaki kumkopa shangazi mara ya pili. Ombi la jumla jumla, "Bwana unibariki," halikupi cha kurudia mwezi ujao uone kilichotokea. Aya ya mwisho, andika jambo moja ambalo Mungu amekwisha kulifanya, kwako au katika Maandiko. Watu hukosea sehemu mbili. Wapo wanaoishia kwenye malalamiko, wakazunguka humo humo hadi yakawa manung'uniko ya kumweleza kila mtu isipokuwa Mungu. Na wapo, hasa sisi tuliozoea mapambio, wanaoruka moja kwa moja hadi sifa, kilio kikabaki tumboni.

Kingine ni mwili. Soma 1 Wafalme 19. Nabii Elia, siku chache baada ya kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, amekaa chini ya mretemu anamwomba Mungu afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, Elia akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa?", lilikuja baada ya usingizi, milo miwili na safari ya siku 40. Basi simu iache sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Habari za vita na siasa hazitakupita, utazikuta asubuhi. Kula cha moto walau mara moja kwa siku, hata kama ni ugali na dagaa. Elia alidai pia amebaki peke yake, akaambiwa wako 7,000. Kwa hiyo jumuiya usiache, na humo chagua watu wawili uwaambie ukweli wote, pamoja na kiasi cha kodi. Siku usizo na usaili, nenda na kina mama wa jumuiya kutazama wagonjwa. Hutapata kazi huko, lakini utarudi umefikiria mtu mwingine kwa saa tatu.

Hapo hapo nikwambie jambo kama baba. Huzuni ya kukosa kazi ni huzuni. Lakini ikipita wiki mbili mfululizo usingizi hauji, chakula hakina ladha, hakuna kinachokufurahisha, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona inatibiwa hospitali. Likija wazo kwamba heri ufe, usingoje wiki mbili; nipigie saa hiyohiyo, hata iwe saa tisa usiku, twende Muhimbili. Kumeza dawa aliyoandika daktari hakumpunguzii mtu imani, kama mkate wa malaika haukumpunguzia Elia.

Na jihadhari na wauza tarehe. Ukiwa huna kazi utawasikia kila kona: toa sadaka ya mbegu ya laki moja, ndani ya siku 7 mlango unafunguka. Mtu akikuletea neno la tumaini, tazama kama lina bei, kama lina siku ya mwisho, na nani analaumiwa lisipotimia. Ukikuta lina bei, lina tarehe, na wa kulaumiwa ni wewe na imani yako ndogo, shika mkoba wako uondoke. Hanania alikuwa na tarehe, ingawa hatuambiwi kama alitoza kitu.

Sasa kiwanja. Usije ukasema Yeremia alinunua shamba vitani basi na wewe unakwenda kukopa kausha damu, mikopo ile ya riba ya kunyonya, ulipie Chanika. Yeremia fedha alikuwa nayo, akaipima kwenye mizani. Hesabu zako kwanza: chakula, nauli, kodi. Nenda NSSF na kitambulisho chako na barua ya kumalizika kwa mkataba, ulizia fao la kukosa ajira. Ni michango yako, usione aibu. Kisha toa mkataba wa kiwanja usome kipengele cha kuchelewa kulipa: ni miezi mingapi ukichelewa muuzaji anakitwaa, na anarudisha kiasi gani. Umebakiza malipo 7 ya 200,000. Mwendee kabla ya tarehe ya kulipa, maana anayekwenda mapema anasikilizwa na anayefuatwa anagombezwa. Mwombe iwe 100,000 kwa miezi 14. Chukua risiti zote na mkataba halisi, na shahidi wako mmoja. Akikubali, yaandikwe kama nyongeza ya mkataba, msaini wote na mashahidi, upewe nakala. Makubaliano ya kwenye simu usiyakubali hata kama anakuita dada. Kama hata hiyo 100,000 haitoki bila kugusa chakula, mwambie hivyo hivyo, muulize utaratibu wa kurudishiwa ulichokwisha kulipa. Kuacha kwa hesabu si dhambi.

Mdogo wako atakuja na miche miwili ya miembe ya kupandikiza, iko kwenye viriba. Iweke kivulini, imwagilie jioni kila baada ya siku mbili. Muuzaji akikubali, ngoja mvua za vuli, uchimbe shimo la sentimita 60 kwa 60, kwenda chini vilevile 60, udongo wa juu uuweke kando uuchanganye na debe moja la samadi iliyooza, urudishe. Uhakikishe kile kidonda cha kupandikizia kiko juu ya udongo, kikifukiwa mche unaoza. Kila mmoja kona yake, mbali na itakapokuja kusimama nyumba. Itaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Muuzaji akikataa, irudishe huku Kigamboni, pa kuipanda papo.

Baba yako